Sanamu Isiyo na Majina: Uhakiki wa Kumbukumbu za Wapagazi na Askari wa Vita vya 1914–1918

Kila tabaka linalotawala huacha nyuma yake sheria zake na sanamu zake. Sheria hufutwa siku utawala unapobadilika. Sanamu hubaki njia panda, watu wakazizoea, na mwisho wakaacha kuziuliza chochote. Ndiyo maana uhakiki hauwezi kuishia katika vitabu na michezo ya kuigiza. Sanamu nayo ni maandishi: ina aliyeitunga, ina aliyeilipia, ina msomaji iliyemkusudia, na ina msimamo wake wa kitabaka. Katika makala haya tunakusudia kuisoma Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam pamoja na wenzake wa Nairobi na Mombasa, tukiuliza swali moja: zinamheshimu nani, na zinamficha nani?

Swali hili si la wapenda mambo ya kale peke yao. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, yenye dhamana ya kutunza kumbukumbu za waliokufa wakiitumikia Dola ya Kiingereza katika vita vile, ilichapisha ripoti iliyokiri jambo ambalo wazee wetu walilijua siku zote. Ripoti ilikadiria kwamba wafu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika wa Mashariki na wa Magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa kundi hili la pili ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza alisimama bungeni akaomba radhi. Lakini kuomba radhi ni jambo moja, na kueleza jinsi udhalimu ulivyotendeka ni jambo jingine. Kazi hii ya pili ni yetu.

VITA VILE NA WALIOVIBEBA

Vita vya 1914–1918 vilikuwa vita vya mabeberu kugombea kuigawanya dunia upya. Mkulima wa Ugogo au wa Ukamba hakuwa na ugomvi na mtu yeyote wa Berlin wala wa London. Hata hivyo aliingizwa vitani, na mara nyingi aliingizwa bila kuulizwa. Mwaka 1914, mwezi Novemba, Waingereza walipigwa Tanga. Mwaka 1917, mwezi Novemba, majeshi ya Kijerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck yalivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Hayakusalimu amri mpaka tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia, majuma mawili baada ya mizinga ya Ulaya kunyamaza.

Miaka minne ya vita katika nchi yenye reli chache na karibu haina barabara ilipiganwa kwa vichwa na mabega ya watu. Mbung'o waliua farasi, punda na maksai. Palipokwisha reli, mzigo ulipanda kichwani kwa mtu. Hapo ndipo ilipo hesabu ya kinyama ya vita hivi. Mpagazi naye hula. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali na reli, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mzigo ilivyokuwa chakula cha wapagazi wenyewe, na ndivyo walivyotakiwa wapagazi wengine wa kuwabebea wapagazi. Jeshi lililosonga mbele halikuweza kulishwa ila kwa kumeza vijiji vizima nyuma yake.

Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi wanaokaribia 1,000,000 katika muda wote wa vita. Kwa hesabu rasmi, waliokufa ni zaidi ya 95,000, na wanahistoria wengi wanaiona hesabu hiyo kuwa ndogo. Askari wenyewe wa Keya hawakuzidi elfu chache mwaka 1914. Mwaka 1918 walikuwa zaidi ya 35,000. Kwa hiyo ukiviangalia vita hivi kwa jicho la hesabu, huoni majeshi mawili yakipigana, bali unaona umati mkubwa wa wafanyakazi wasio na silaha, na juu yake kundi dogo la watu wenye bunduki.

Risasi haikuwa muuaji mkuu wa watu hawa. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Watu waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi usiopikwa ukaiva, matumbo yao yakaharibika. Watu wa nchi za joto walipelekwa milimani bila mablanketi ya kutosha. Hakuna adui aliyewaua; waliuawa na mpango wa kazi uliowahesabu kuwa rahisi kuliko punda.

Wala hawakuja kwa hiari kama vitabu vya wakoloni vinavyopenda kusema. Mwaka 1915 utawala wa Kiingereza wa nchi ambayo leo ni Kenya ulipitisha sheria ya kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka 1917 ukafanywa msako mkubwa wa wapagazi wilaya kwa wilaya. Upande wa Wajerumani nao uliwachukua watu vijijini, na nyuma ya misafara yake walifuata wake na watoto wa askari. Katika Ugogo, nafaka, mifugo na wanaume vilichukuliwa na majeshi yote mawili kwa zamu. Mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima, na njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya ikaua watu kwa maelfu.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Msemo huu ni wa kweli, lakini hapa hautoshi. Nyasi hukanyagwa tu. Haziamriwi kuwabeba tembo.

KUISOMA SANAMU

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya sanaa. Kabla ya Waingereza, Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyevunja upinzani wa Abushiri pwani. Katika sanamu ile, iliyosimamishwa mwaka 1909, Mjerumani alisimama juu akitazama mbali, na chini yake alisimama askari Mwafrika akiinamisha bendera juu ya simba aliyekufa. Hii ilikuwa lugha ya wazi ya ubeberu: bwana juu, mtumishi chini, nchi imelala kama mnyama aliyewindwa. Waingereza waliiondoa. Baadaye ilisimamishwa Hamburg, mpaka wanafunzi wa huko walipoiangusha katika miaka ya 1960.

Mwaka 1927 Waingereza waliweka Dar es Salaam sanamu yao, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Safari hii Mwafrika ndiye aliyesimama juu, amevaa sare, bunduki yenye singe mbele yake, uso ukielekea bandarini. Mtu akilinganisha sanamu hizi mbili kwa haraka atasema kuna maendeleo: askari amepanda kutoka miguuni pa bwana mpaka kileleni. Sisi tunasema hapana. Bwana hajaondoka, ametoka tu kwenye picha. Yeye ndiye aliyeagiza, aliyechagua pozi, aliyeandika maneno. Askari yule wa shaba hana cheo kinachosomeka, hana kijiji, hana jina. Si mtu fulani aliyeishi. Ni aina ya mtu, mwaminifu na tayari, jinsi dola ilivyotaka watumishi wake wawe.

Tuangalie pia ni nani aliyepewa nafasi ya juu. Tumeona kwamba mzigo wa vita ulikuwa wa wapagazi, na wafu walio wengi ni wapagazi. Lakini anayesimama peke yake katika njia panda ya Dar es Salaam ni mwenye bunduki. Nairobi, katika barabara ambayo leo ni ya Kenyatta, mpagazi amesimamishwa pamoja na askari, na kwa hilo sanamu ya Nairobi ina ukweli zaidi. Hata hivyo ni mpagazi mmoja, mzima wa afya, mwenye misuli na mgongo ulionyooka. Anayeijua historia ya kuhara damu na kichomi hawezi kumtambua. Sanaa ya aina hii haisemi uongo kwa kusema jambo lisilokuwapo. Husema uongo kwa kuchagua siku ya kwanza ya safari na kuifanya iwe safari yote.

Kisha yapo maneno. Rudyard Kipling, mshairi wa ubeberu wa Kiingereza, ndiye aliyeombwa kuyatunga. Maandishi yake yanawataja wapagazi, na kuwaita miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi pia kwamba mtu anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ili mwenyeji naye ayasome.

Tunayahakiki maneno haya kwa hoja tatu.

Kwanza, miguu na mikono. Ni sifa inayosikika kuwa tamu, lakini tuipime. Mguu hauna jina. Mkono haudai mshahara. Mguu na mkono hutumwa na kichwa, na kichwa cha jeshi hilo tunajua kilikuwa cha nani. Hivyo katika tamko hilo hilo lililokusudiwa kuwaheshimu, wapagazi wanavuliwa utu na kufanywa viungo vya mwili wa mtu mwingine. Hii si bahati mbaya ya ushairi. Ndivyo ubepari unavyomwona mfanyakazi popote pale: nguvukazi, wala si mtu.

Pili, nchi yako. Nchi gani? Mkamba aliyefia Rufiji hakuwa akiitetea Ukambani. Mtu wa Tanganyika aliyechukuliwa na Wajerumani mwaka 1915, akatekwa na Waingereza mwaka 1916, akabebeshwa mzigo ule ule kuelekea upande mwingine, alikuwa akiipigania nchi ipi? Nchi yake ilikuwa ndiyo zawadi inayogombaniwa. Mwandishi anachukua neno lenye heshima kuu kwa kila mwananchi na kulitumia kumfunga kwenye mradi wa kumnyang'anya nchi hiyo hiyo.

Tatu, jina. Hapa ndipo sanamu inapojikanusha yenyewe. Jiwe linaahidi kwamba jina litakumbukwa, na juu ya jiwe hilo halipo hata jina moja la mpagazi. Kazi ya kukumbuka imetupiwa watoto wa marehemu, na dola, yenye makarani, karatasi na wino, imejivua mzigo. Mtu aliyefia mwendo wa majuma mengi kutoka kwao, akatupwa katika shimo la pamoja, mwanawe atalikumbuka jina lake, ndiyo. Lakini hatajua alikufa lini, wapi, wala amelala wapi. Na mwana huyo akifa, kumbukumbu nayo itazikwa.

NANI ALIANDIKWA, NANI HAKUANDIKWA

Mtetezi wa wakoloni atasema: zama zile haikuwezekana kuandika majina ya watu wengi kiasi hicho. Hoja hii haina nguvu, na ushahidi wa kuivunja umo katika matendo ya wakoloni wenyewe.

Tume ya makaburi iliundwa mwaka 1917 kwa msingi uliotangazwa kwamba kila aliyekufa ataheshimiwa kwa jina lake, juu ya kaburi au juu ya mnara, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Katika Ulaya msingi huo ulifuatwa kwa kiasi kikubwa. Katika Dar es Salaam yenyewe upo mnara wa Waingereza na Wahindi wenye majina zaidi ya 1,500 ya wanajeshi waliokufa katika uwanja huu wa vita kuanzia mwaka 1917. Kwa hiyo udongo ulikuwa ule ule, malaria ile ile, vita vile vile. Majina ya kundi moja yalipatikana, ya kundi jingine hayakupatikana.

Maafisa waliofanya uamuzi huo hawakuficha fikra zao katika barua walizoandikiana. Walishikilia kwamba Mwafrika hajafika hatua ya ustaarabu ya kuthamini kaburi lenye jiwe. Katika Tanganyika utawala uliona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Yaani watu wenye matambiko ya mababu, wanaomimina pombe juu ya makaburi na kuwapa watoto majina ya mababu ili majina yasipotee, wanaambiwa hawajui kuwaheshimu wafu! Hapa tunaona wazi kasumba inavyofanya kazi. Kwanza unaamua kutotumia fedha. Halafu unatafuta nadharia ya kuonyesha kwamba asiyepewa hakuhitaji.

Tutoe mfano mwingine. Mara baada ya vita, utawala wa Kenya ulianza kuwaandikisha wanaume Waafrika na kuwavalisha kipande, chenye jina na alama za vidole, ili mwajiri na polisi wajue kila mmoja yuko wapi. Serikali iliyoweza kumwandika kila mtu aliye hai ili afanye kazi, ilishindwaje kuwaandika waliokwisha kufa kwa kazi? Jibu ni rahisi. Jina la aliye hai lilikuwa na faida kwa mlowezi; jina la marehemu lilikuwa na deni. Maana jina likiandikwa, ndugu atakuja kudai mshahara usiolipwa, na mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao kamwe.

Wakati huo huo, mwaka 1919, ulianzishwa mpango wa kuwagawia ardhi ya Kenya wanajeshi Wazungu waliotoka vitani, na Wanandi ni miongoni mwa walionyang'anywa ardhi kwa ajili hiyo. Mzungu alirudi akapewa shamba. Mwafrika alirudi akapewa kipande, kisha akatakiwa akafanye kazi katika shamba hilo. Mtu asiyeuona uhusiano wa mambo haya mawili hawezi kuielewa Nairobi ya mwaka 1922, watu walipokusanyika kumdai Harry Thuku wakapigwa risasi.

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Katika Australia, sheria ya ulinzi ya mwaka 1909 iliwaweka kando wasio wa asili ya Kizungu, na bado wenyeji asilia walipata njia ya kuandikishwa na kwenda kufa katika vita vile. Waliorudi ni wachache mno waliogawiwa ardhi kama wenzao weupe, na wenyeji hao hawakuhesabiwa kikamilifu katika sensa ya nchi yao mpaka baada ya kura ya mwaka 1967. Katika Kanada, ardhi ya wenyeji ilimegwa ili wapewe wanajeshi waliorejea, hali vijana wa wenyeji hao hao walikuwa wamepigana. Kwa hiyo tunaweza kusema ni kanuni: ukoloni huikubali damu ya mwenyeji na kulikataa jina lake, kwa kuwa kulikubali jina ni kuikubali haki.

Kanuni hii, hata hivyo, haikuwekwa na maumbile. Katika vita vya 1939–1945 Keya walipigana Burma, na katika mnara wa Rangoon majina ya Waafrika yameandikwa pamoja na ya wengine. Mnamo Januari 2025 ulifunguliwa mjini Cape Town mnara wa Waafrika zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini waliokufa katika kazi za vita vya kwanza, na kila mmoja ana nguzo yake ya mti yenye jina lake. Majina hayo yalikuwapo katika nyaraka kwa miaka mia moja. Hayakupotea, hayakutafutwa.

HOJA MBILI TUNAZOZIPINGA

Miongoni mwa makada na wanafunzi zimezuka hoja mbili kuhusu jambo hili. Zote mbili tunazipinga, na ni vizuri tueleze sababu.

Hoja ya kwanza inasema: askari wale walikuwa vibaraka wa mkoloni; kwa nini tuwaheshimu? Hoja hii ina chembe ya ukweli, na hatuna budi kuikubali chembe hiyo. Jeshi la Kijerumani lililopigana mwaka 1914 ndilo lililokuwa limezima Vita vya Maji Maji mwaka 1905–1907, likachoma vijiji na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Keya nao walitumwa kuwapiga Wanandi na wengineo. Askari mwenye bunduki alikuwa na mshahara na sare, na mara nyingi alikuwa mwonevu wa mpagazi. Anayetaka kuyafuta haya ili apate shujaa safi anaandika hadithi, haandiki historia.

Lakini hoja hii inakosea inapomtia mpagazi kapu moja na askari, na askari kapu moja na afisa aliyemwamuru. Uchambuzi wa kitabaka haukubali makapu ya namna hiyo. Mpagazi aliyekamatwa usiku nyumbani kwake hakuwa kibaraka wa mtu. Alikuwa mtumwa wa muda. Na askari naye, katika nchi ambayo kodi ya kichwa ilimlazimisha kila kijana kutafuta fedha ya mkoloni, hakuwa na njia nyingi za kuchagua. Kumhukumu ni halali yetu. Kumnyima jina ni kuendeleza kazi ya mkoloni.

Hoja ya pili inatoka upande mwingine. Inasema wote walikuwa mashujaa watiifu, basi tuwapigie tarumbeta, tualike mabalozi, tuweke mashada. Hii ndiyo hatari zaidi kwa sababu ina sura nzuri. Hadithi ya askari mtiifu ni mali ya zamani ya wakoloni. Wanazi waliitumia Hamburg, mwaka 1939, walipoweka michongo ya askari na wapagazi wa Kiafrika wakimfuata Mjerumani, ili kuonyesha kwamba Afrika inamtamani bwana wake arudi. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Wazee walistahili fedha yao, wala hatuwakatazi. Lakini fedha hiyo ilitolewa kama tunzo ya utii, baada ya miaka 46, na haikugusa umati wa wapagazi. Heshima inayomshukuru marehemu kwa kumtii bwana wake ni pingu ya pili.

Kati ya hoja hizi mbili hakuna njia ya katikati ya kuwaridhisha wote. Kuna msimamo mwingine kabisa: tunamheshimu mtu, hatuviheshimu vita. Tunamheshimu kwa kusema ukweli wote juu yake: jina lake, kijiji chake, aliyemchukua, alichobeba, alivyokufa, na anachodai. Makaburi ya Naliendele, Mtwara, na ya Kaboya, Kagera, ni ya askari wa Tanzania waliokufa kwa ajili ya ukombozi wa Msumbiji na katika vita vya 1978–1979 dhidi ya Idi Amin. Hao tunajua wamelala wapi na kwa nini walikufa, na tarehe 25 Julai tunawakumbuka. Wapagazi wa 1914–1918 hawawezi kuwekwa katika fungu hilo, kwa kuwa hawakufa kwa ajili ya uhuru wetu. Wanahitaji fungu lao: la watu waliouawa na kazi ya kulazimishwa. Kuwachanganya ni kuwapunja wote wawili.

KUMBUKUMBU WALIYOIJENGA WATU

Ipo kumbukumbu moja ambayo haikuagizwa na gavana yeyote. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, walikusanya wapagazi wao mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga soko. Kikosi kile kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo ulimi wa watu ulilifanya Kariakoo. Jeshi likaondoka, jina likabaki. Nairobi nako mambo yakawa vivyo hivyo, na mahali pale pakaitwa Kariokor. Katika miaka ya 1970 soko kubwa lililobuniwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, lilijengwa hapo Dar es Salaam, na jina halikubadilishwa.

Tukilinganisha kama wahakiki, Kariakoo ni kazi bora kuliko sanamu. Imejengwa na umma wenyewe, kwa lugha yao, bila fedha ya serikali, na kila siku inatajwa na maelfu ya watu wanaobeba mizigo kichwani na mabegani kama walivyobeba wale. Lakini tusijidanganye. Neno nalo huweza kuzoewa kama sanamu. Wangapi kati ya wanaoshuka kwenye daladala Kariakoo wanajua kwamba wametaja jina la jeshi la wafu? Lugha imehifadhi jina la kikosi. Haikuweza kuhifadhi majina ya watu.

NINI KIFANYIKE

Uhakiki usioonyesha kazi ya kufanywa ni porojo. Tunapendekeza mambo manne.

La kwanza ni kukusanya majina vijijini. Wajukuu na vitukuu bado wanasimulia kwamba babu fulani alichukuliwa akaenda na hakurudi. Kila shule, kwa kuongozwa na mwalimu wa historia, inaweza kuandika daftari la kata yake: jina, ukoo, mahali alikochukuliwa, upande uliomchukua. Vitabu vya ubatizo vya misheni, orodha za kodi na nyaraka za wilaya vitasaidia kulinganisha. Wanawake waandikwe pia: waliofuata misafara na waliobaki wakilima peke yao.

La pili ni kuhesabu upande ambao hakuna anayeuhesabu. Tume ya Jumuiya ya Madola inawashughulikia waliotumikia Dola ya Kiingereza. Wapagazi wa Tanganyika waliokufa chini ya Wajerumani hawamo katika hesabu hiyo ya 2021, wala katika radhi ile. Kwa Mtanzania hii ni nusu ya habari, na Ujerumani inapaswa kuulizwa juu yake waziwazi.

La tatu ni kuisoma upya Sanamu ya Askari, wala si kuiangusha. Tukiiangusha, tutaondoa ushahidi. Iwekwe kando yake maelezo ya Kiswahili chepesi yanayosema nani aliijenga, mwaka gani, wapagazi wangapi walikufa, na kwa nini jiwe linaloahidi jina halina jina. Mwanafunzi akiyasoma hayo, sanamu itaanza kumfundisha kinyume cha ilivyokusudiwa.

La nne ni deni. Kuandika majina kusigeuzwe kuwa badala ya kulipa. Mshahara usiolipwa ni mshahara usiolipwa, hata ikipita karne. Warithi mmoja mmoja hawatapatikana wote, lakini kata na wilaya zilizonyonywa zinajulikana, na zahanati au shule iliyojengwa huko kwa fedha ya mdaiwa, ikiandikwa kwamba ni malipo na si msaada, itakuwa haki zaidi kuliko shada la maua.

Kazi hizi si kubwa kuliko uwezo wetu. Daftari, kalamu na subira vinatosha kuanza ile ya kwanza, na wazee wanaojua majina wanapungua kila mwaka. Kada aliyeko wilayani asisubiri waraka. Aanze na ukoo ulio karibu naye, aandike, alinganishe, apeleke nakala shuleni na wilayani.